Kilemba cha Ukoka: Carl Peters, Mangungo na Siri ya Kuombwa Ukakubali

Kila aliyepita katika darasa la historia nchini Tanzania amekutana na Mangungo wa Msovero. Mwalimu huandika ubaoni "mikataba ya ulaghai", akamtaja Mjerumani Carl Peters, kisha akaeleza jinsi chifu wa Usagara alivyotia alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, nchi ikamtoka. Darasa hucheka. Kicheko hicho hakikuishia shuleni. Mkataba wa madini au wa bandari ukilalamikiwa, hakawii mtu kusimama jukwaani au kijiweni akamwita aliyeusaini Mangungo. Jina la mtu limegeuzwa kuwa jina la ujinga.

Nami nilicheka pamoja na wenzangu. Lakini kila ninapozirudia habari za msafara wa Peters, kicheko kinanipungua. Yaliyomkuta Mangungo mwaka 1884 yanamkuta profesa kwa muuza mitumba, na wanasayansi waliokuja miaka themanini hivi baadaye wameyapima wakayathibitisha. Kwa hiyo nakisimulia kisa hiki upya, hatua kwa hatua, nikitazama jambo moja tu: mtu anaombwaje mpaka akubali?

Carl Peters alizaliwa mwaka 1856 katika mji mdogo wa Neuhaus, kando ya mto Elbe, mtoto wa mchungaji. Alisomea historia, akapata shahada ya udaktari, kisha akaenda London kukaa kwa mjomba wake. Huko aliuona utajiri wa dola ya Uingereza na uchu wa makoloni ukamwingia moyoni. Aliporudi Berlin, mwezi wa Machi 1884, yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Chama kilikuwa na fedha kidogo, hakikuwa na askari, wala hakikuwa na idhini ya serikali.

Peters alikuwa na umri wa miaka 28 aliposhuka Unguja tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, akiwa na wenzake watatu: Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Walikuwa wamesafiri kwa majina ya bandia ili wasishtukiwe. Hapo Unguja walipokea ujumbe kutoka Berlin kwamba serikali ya Ujerumani isingewapa ulinzi wowote. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Wao walivuka bahari hadi Saadani, bandari ya misafara aliyoitawala Bwana Heri, wakakusanya wapagazi na kushika njia ya bara.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu kicheko chetu kinaanzia hapa. Tunadhani Usagara ilikuwa nchi iliyolala, isiyojua dunia. Sivyo. Misafara ya kutoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa ikikatiza Usagara miaka na miaka, na watu wa kule walikuwa wamezoea wageni wa kila namna: Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi, hata Wazungu. Mapadri walikuwa Bagamoyo tangu mwaka 1868, na wamisionari wa Kiingereza walikuwa wameshajenga Mpwapwa. Wazungu hao walikuwa wakiomba njia, maji, chakula, au mahali pa kujenga. Hakuna aliyeondoka na nchi mfukoni.

Tena palikuwa na utaratibu. Msafara ukiingia katika eneo la mtu ulitoa hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na uchafu lilio nao leo. Hongo ilikuwa ushuru wa njia na salamu ya mgeni kwa mwenyeji: kitambaa, shanga, waya wa shaba. Aliyetoa hongo alikiri kwamba nchi ina mwenyewe. Aliyepokea alijifunga kumpa mgeni usalama. Mangungo alipomwona Mzungu akija na zawadi, alijua vizuri kabisa maana yake. Maana hiyo ndiyo Peters aliyoigeuza kuwa mtego.

Peters mwenyewe ameeleza bila haya jinsi walivyofanya kazi. Kwanza, kabla hajafika kijijini, watu wake walitangulia kueneza sifa zake, ili mwenyeji asubiri kumpokea mkubwa. Alipofika, chifu alikaribishwa kambini na kuketishwa juu ya kitanda cha safari, Peters upande huu na Jühlke upande ule, mkono ukimzunguka mabegani. Kileo kikamiminwa, wakanywa pamoja. Zawadi ndogo ndogo zikatoka na sifa zikamwagwa. Baadhi ya machifu waliwekwa hata katika udugu wa kuchanjiana damu, kiapo ambacho wenyeji walikiheshimu kuliko maandishi yoyote. Nyuso zilipochangamka ndipo karatasi ilipoletwa. Ikasomwa kwa Kijerumani, machifu wakatia alama zao, bendera ikapandishwa, Peters akatoa hotuba fupi ya kutwaa nchi, na bunduki zikapigwa mara tatu hewani ili kila mtu asikie nguvu ya mgeni.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa sura lakini zito kwa maana. Katika mikataba ile wakuu wa vijiji na wa koo waliandikwa kuwa "Sultani". Wengi wao hawakuwa masultani hata kidogo. Walikuwa wasimamizi wa ardhi ya ukoo, wenye mamlaka ya kumpa mgeni sehemu ya kulima au kujenga, si mamlaka ya kuitoa ardhi milele. Lakini anayetaka kununua anamhitaji muuzaji, na muuzaji asipokuwapo itabidi atengenezwe. Waswahili tuna jina la kitendo hicho: kumvika mtu kilemba cha ukoka. Unamsifu kwa cheo asicho nacho ili akupe asichoweza kukitoa. Mangungo alivikwa usultani asubuhi ili jioni auze.

Mkataba wa Msovero una tarehe 29 Novemba 1884. Ndani yake "Sultani" Mangungo anaonekana kuitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa Dakta Peters, daima. Upande wa pili, Peters anaahidi kuikumbuka Msovero kwa namna ya pekee Usagara itakapofanywa koloni. Mkataba unadai kwamba Mangungo aliulizwa wazi akajibu kuwa hamtegemei Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata habari zake hajapata kuzisikia. Na hayo yote, karatasi inasema, alielezwa barabara na mkalimani, mtu aliyeitwa Ramadhani.

Ukisoma kwa makini utaona kuwa karatasi hii haikumlenga Mangungo. Kipengele cha Zanzibar kingemfaa nini yeye? Kiliandikwa kwa ajili ya mawaziri wa Berlin na mabalozi wa London, waliojua kwamba Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliitambua njia yote ile ya misafara kuwa ya himaya yake. Shughuli mbili zilifanyika siku moja mahali pamoja. Kwenye kitanda cha safari palifanyika urafiki wa mgeni na mwenyeji, kwa lugha na desturi za wenyeji. Kwenye karatasi palifanyika uuzaji wa nchi, kwa lugha ya wageni. Daraja kati ya shughuli hizo mbili lilikuwa ulimi wa Ramadhani peke yake, na maneno aliyoyatumia karatasi haikuyaandika. Mangungo alikubali shughuli ya kwanza, na akahesabiwa kuwa ameridhia ya pili.

Sasa turuke hadi karne ya ishirini, kwa watu wanaojua kusoma.

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Jonathan Freedman na Scott Fraser, walichapisha jaribio walilolifanya katika mji wa Palo Alto, California. Wenye nyumba waliombwa waruhusu bango kubwa na baya, lenye maneno ya kuwahimiza madereva kuwa waangalifu, lisimikwe mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, ni asilimia 17 tu waliokubali. Kundi jingine lilikuwa limeombwa, wiki mbili kabla, jambo dogo mno: kubandika kijibango kidogo chenye ujumbe unaofanana na huo. Karibu wote walikuwa wamekubali, maana nani anakataa kitu kidogo hivyo? Walipoombwa lile bango kubwa, asilimia 76 walikubali. Kile kidogo kilikuwa kimewabadilisha namna wanavyojiona. Walikuwa wameshakuwa watu wa kusaidia, na mtu hapendi kujikana. Wazee wetu walionya kwamba ukipewa shibiri usichukue pima. Onyo hilo lilimwendea mpokeaji. California ilionyesha hatari iliyo upande wa mtoaji: akishatoa shibiri, pima haimwonekani tena kuwa mbali.

Mwaka 1971 Dennis Regan alieleza jaribio jingine. Mtu aliyejifanya mshiriki wa jaribio alitoka nje kidogo na kurudi na soda mbili, moja akampa mwenzake bila kuombwa. Baadaye akamwomba mwenzake huyo anunue tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua karibu mara mbili ya wasiopewa. La kushangaza zaidi ni kwamba haikujalisha kama walimpenda mtu yule au la. Deni la soda lilikuwa na nguvu kuliko upendo.

Na kuhusu bendera na milio ya bunduki, yupo Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1961 alianza kuwaalika watu wa kawaida katika maabara, ambako mtu mwenye koti la kijivu la kitaalamu aliwaagiza wampige mwenzao shoti za umeme, kali zaidi kila alipokosea jibu. Shoti hazikuwa za kweli, lakini wao hawakujua. Katika jaribio lake lililosifika zaidi, kati ya wanaume 40, 26 waliendelea mpaka swichi ya mwisho, volti 450. Hakuna aliyewashikia bunduki. Palikuwa na koti, sauti tulivu na jengo lenye heshima.

Robert Cialdini, profesa wa Arizona, alikusanya maarifa ya namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1984, baada ya kujifunza kazi miongoni mwa wauzaji na wachangishaji. Alizitaja nguvu zinazomfanya mtu akubali: deni la zawadi, ahadi iliyotangulia, kuiga wenzako, kumpenda anayekuomba, heshima kwa mwenye mamlaka, na hofu ya kukosa kitu kilicho adimu. Weka orodha hiyo kando ya kitanda cha safari cha Msovero. Zawadi ipo. Kuanza na kidogo kupo. Mkono begani upo. Mamlaka yapo, kwa bendera na baruti. Peters hakuhitaji maabara. Alitazama mambo ambayo watu huyaheshimu, yaani ukarimu, shukrani, udugu na utii, akayavaa kama kanzu ya kuazima.

Hilo ndilo linalonikataza kucheka. Mangungo hakuponzwa na upungufu wake. Aliponzwa na mambo mema aliyolelewa nayo. Mtu asiye na ukarimu hanaswi kwa zawadi, na asiyejali udugu hanaswi kwa damu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, nayo hayamtoi kwa kuwa nyoka ni mjinga.

Kwa wanaodhani mbinu hizi huwapata wadogo peke yao, kisa kina sehemu ya pili. Peters alifika Bagamoyo tarehe 17 Desemba, mgonjwa na amechoka, mkobani mna mikataba kumi na miwili iliyokusanywa kwa wiki chache katika Uzigua, Nguru, Ukami na Usagara. Kwa madai yake, karatasi hizo zilibeba takriban kilomita za mraba 140,000. Mwezi Februari 1885 alikuwa Berlin, na sasa mtu wa kushawishiwa alikuwa Otto von Bismarck, mwanasiasa aliyesifiwa kuwa mjanja kuliko wote Ulaya, yuleyule ambaye miezi mitatu nyuma serikali yake ilikataa kumlinda.

Peters alimjia na mkono mwingine. Mataifa yalikuwa bado mezani katika Mkutano wa Berlin, magazeti yalikuwa yamewashwa na homa ya makoloni, na Peters akadokeza kwamba Ujerumani isipozitaka nchi hizi, yupo mfalme Leopold wa Ubelgiji. Hofu ya kukosa ikafanya kazi yake. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari, na kesho yake, tarehe 27, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya ulinzi kwa mikataba ya Peters. Bismarck alikuwa na hesabu zake za kisiasa, hilo ni kweli. Hata hivyo alijua jinsi karatasi hizo zilivyopatikana, na alizikubali.

Wa tatu kukubali alikuwa Sayyid Barghash. Alipopata habari alimpelekea Kaiser simu ya maandishi ya kulalamika kwamba nchi hizo ni zake. Kwa miaka mingi alikuwa amemwamini konsuli wa Uingereza, John Kirk. Kwa ushauri na shinikizo lake alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, akitarajia kwamba rafiki aliyemridhisha katika jambo zito angemsimamia siku ya shida. Lakini London ilikuwa inamhitaji Bismarck kwa mambo ya Misri na kwingineko, na Kirk akaelekezwa asiwazuie Wajerumani. Mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Unguja. Pamoja na manowari hizo alikuja Sayyida Salme, dada yake Barghash aliyekimbia Unguja zamani na kuolewa na Mjerumani. Barghash akakubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara, naye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Alifariki mwezi Machi 1888, na mwezi uliofuata mrithi wake, Sayyid Khalifa, akaikodishia kampuni ya ukoloni ya Wajerumani hata ukanda huo.

Ndipo watu wakakataa. Mwezi Agosti 1888 kampuni ilipoanza kupandisha bendera zake na kutoza kodi katika miji ya pwani, Pangani ikawaka chini ya Abushiri bin Salim, na Saadani ikasimama na Bwana Heri, kwenye bandari ileile aliyopitia Peters akiwa na wapagazi wake. Berlin ikalazimika kumtuma Hermann von Wissmann na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Bwana Heri alishikilia hadi mwaka 1890. Makubaliano yaliyopatikana kwa vinywaji na kukumbatiana yalilipiwa kwa damu.

Na ule mkono uliozunguka mabega ya machifu? Mwaka 1891 Peters alirudi akiwa ofisa wa serikali, Kilimanjaro, ambako aliwanyonga mtumishi wake na msichana aliyekuwa akiishi naye. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Ujerumani ilimfukuza kazi kwa sababu ya mambo hayo. Huku kwetu alishapewa jina ambalo halikuhitaji mahakama: Mkono wa Damu.

Je, palikuwa na njia ya kujiokoa? Ilikuwapo, na haikuwa werevu mtupu. Mwaka 1889 Menelik wa Pili wa Ethiopia alitia saini mkataba na Waitalia mahali paitwapo Wuchale. Naye alikuwa na marafiki wa Kiitalia, naye alipokea silaha na mkopo. Naye alidanganywa: kwa Kiamhara, kifungu cha 17 kilisema aweza kuitumia Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine, na kwa Kiitalia kikasema ni lazima. Tofauti yake na Mangungo ni kwamba mkataba ule uliandikwa pia kwa lugha yake. Uongo ulipofichuka alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kisha akafanya jambo ambalo naliona kuwa kuu kuliko yote: aliulipa mkopo. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyelipa hana tena soda ya mtu tumboni. Mwaka 1893 akaukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Italia likashindwa vitani.

Mangungo hakuwa na nakala ya lugha yake, wala jeshi la Menelik, wala muda. Alikuwa na mgeni kila upande, kikombe mkononi na mkalimani mmoja. Mtu yeyote anayetaka kibali chako kabla hujainuka mahali ulipoketi anajua kwamba ukiinuka, ukaenda kulala, ukaamka na kuwauliza wazee au mwanasheria, utaliona ombi likiwa uchi bila zile zawadi. Ndiyo maana kalamu hutolewa pamoja na chai. Ulinzi wa nchi na wa mtu mmoja mmoja uko katika taratibu zinazotutenga na kitanda cha safari: mkataba usomwe kwa lugha ya anayefungwa nao, wasomaji wawe zaidi ya mmoja, na zawadi ipokewe siku moja, ombi lijibiwe siku nyingine.

Leo Msovero ni sehemu ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Kimoja katika hadithi hii kimebaki vinywani mwetu kila siku, nacho ni neno hongo. Enzi za Mangungo hongo ilikuwa heshima ambayo mgeni alimpa mwenyeji. Leo hongo ni rushwa. Kitambaa ni kilekile na shanga ni zilezile. Kinachozitenga heshima na rushwa ni ombi linalofuata baada ya mkono kupokea, na hilo ndilo la kupimwa peke yake, kikombe kikiwa kimewekwa chini.